Orijino ya nini? Gemu 400 mkononi, kaseti ya 9999, na saa ya Mario

"Hii ni orijino kaka, siyo feki."

Aliyeniambia hivyo ni dogo anayeuza chaji, kava za simu na redio ndogo pembeni ya soko, Bariadi mjini. Mkononi alishika kimashine chekundu cha gemu, saizi ya kiganja, kioo kama inchi 3. Boksi halina jina la kiwanda, limeandikwa tu kwamba ndani kuna gemu 400. Halafu akaongeza neno ambalo sikutegemea kulisikia pale: "Ni retro hiyo. Wazee kama nyie ndiyo mnazitafuta." Nina miaka 28. Nikacheka, tukavutana bei kutoka elfu 35 mpaka elfu 25, nikaondoka nacho.

Nimekaa nacho miezi miwili sasa, na swali lililobaki kichwani si kama ni kizuri au kibaya. Ni lile neno la dogo. Orijino ya nini?

Sifa zake kwanza, maana zipo. Kinatumia betri ya aina ya BL-5C, ile ile ya Nokia za tochi. Ikifa, unapata nyingine kwenye kibanda chochote cha simu kuanzia Lamadi mpaka Mwanhuzi, unafungua mfuniko nyuma, unabadilisha mwenyewe. Vifaa vingi vya leo vya bei kubwa kuliko hiki vimegundishwa betri ndani. Kinakuja na pedi ya pili ya waya, na waya wa AV wa kuchomeka kwenye TV. Gemu zenyewe zinazojirudia ni chache, na hilo lilinishangaza kwa sababu nitakayoieleza. Vitufe vinabonyea vizuri. Kwa mtoto wa darasa la tatu, umeme ukikatika jioni, elfu 25 hapo haijapotea.

Shida ilianza nilipoiwasha Contra. Nilikufa steji ya kwanza. Nikarudia, nikafa tena. Gemu hii nilikuwa naimaliza nikiwa na miaka 9, tena kwa zamu, huku watoto sita nyuma wakipiga kelele nikosee ili pedi iwafikie. Nikajiambia nimezeeka kweli, dogo hakukosea. Lakini kuna kitu kingine kilikuwa hakikai sawa: muziki. Ulikuwa unakimbia, halafu rangi ya sauti ilikuwa tofauti, kama mtu unayemfahamu akiongea huku ameziba pua. Hapo ndipo nilipoacha kucheza nikaanza kupima.

Ili kipimo kieleweke, tuangalie kwanza hizi gemu zilifikaje kwetu.

Famicom ya Nintendo iliingia madukani Japani tarehe 15 Julai 1983. Mwaka huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, tena ya rangi, lakini bara tulisubiri mpaka 1994 ITV na vituo vingine binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Sasa Famicom bila TV ni boksi la plastiki. Kufikia TV zinaanza kuonekana sebuleni kwa watu Bariadi, wakati huo ikiwa bado wilaya ya Shinyanga (Simiyu imekuwa mkoa mwaka 2012), Nintendo wenyewe walishahamia kwenye mashine nyingine, na saketi ya Famicom ilikuwa imeshanakiliwa na viwanda vya Taiwan na China kwa bei ya kutupa. Hizo nakala ndizo zilizokuja. Zilipita Kariakoo, zikapita Mwanza, zikafika kwetu msimu wa pamba, mzee akishalipwa.

Kwa hiyo hapa kwetu hakukuwa na orijino ambayo baadaye ikaja kuigwa. Nakala ndiyo iliyotangulia. Mtoto wa Bariadi wa mwaka 2004 hakucheza Famicom feki; alicheza gemu, basi, na hakuwa na nyingine ya kulinganisha nayo.

Nakala hizo hazikuwa sawa na Famicom. Hapa ndipo pananoga.

TV za Japani na Marekani zilichora picha 60 kwa sekunde. Za kwetu, kwa mfumo wa PAL, zilichora 50. Gemu nyingi za enzi hizo hazina saa ndani. Zinahesabu muda kwa kuhesabu picha, yaani fremu. Mhusika anasogea kiasi fulani kila fremu, noti ya muziki inakaa fremu kadhaa, adui anatokea baada ya fremu kadhaa. Viwanda vya nakala vilipotengeneza mashine za nchi za PAL, waliweka chipu zinazochora fremu 50 lakini gemu ndani zikabaki zile zile za Japani. Matokeo yake kila kitu kinaenda kwa tano ya sita ya mwendo uliokusudiwa. Risasi, kuruka, muziki, vyote.

Cha kuvutia ni kwamba sauti haishuki. Ukipunguza mwendo wa kanda ya kaseti, mwimbaji anakuwa na sauti nzito kama jitu. Kwenye nakala hizi haiwi hivyo, kwa sababu ukali wa noti unatoka kwenye mapigo ya chipu yenyewe, kama milioni 1.77 kwa sekunde, na hayo yaliachwa karibu sawa na ya Famicom, ambayo ni milioni 1.79. Kinachotoka kwenye fremu ni muda wa noti tu. Wimbo unabaki kwenye ufunguo wake lakini unatembea taratibu.

Halafu kuna kosa la pili, na hili nalipenda zaidi. Famicom inatengeneza sauti zake kuu kwa mawimbi ya mraba: umeme uko juu, unashuka, uko juu, unashuka. Ukikaa juu nusu ya muda, sauti inakuwa ya mviringo, kama filimbi nene. Ukikaa juu robo ya muda, inakuwa nyembamba, ya puani. Mtunzi wa muziki anachagua kwa namba mbili za biti. Kwenye nakala nyingi, zikiwemo zilizotumia chipu ya UA6527P ya UMC ya Taiwan, namba hizo mbili ziligeuzwa. Robo inatoka nusu, nusu inatoka robo. Watunzi Japani waliandika kitu kimoja, sisi tukasikia kingine, tukakikariri hivyo miaka yote.

Sasa kipimo. Kinahitaji Super Mario Bros. na simu yenye saa ya kuhesabia, unaweza kufanya leo. Anza steji ya kwanza kabisa, weka pedi chini, usiguse kitu. Mario akibaki pale mwanzo hakuna adui atakayemfuata. Juu kulia saa inaanza 400, na kila namba inashuka baada ya fremu 24. Mara 400, ni fremu 9,600. Kwenye mashine ya fremu 60, Mario atakufa kwa muda kuisha baada ya sekunde 160 hivi. Kwenye ya fremu 50, sekunde 192. Tofauti ya nusu dakika hata bibi ataiona.

Kimashine changu chekundu kilitoa 160.

Maana yake ni kwamba kwa ushahidi wa saa, dogo alikuwa sahihi kuliko alivyojua: kina mwendo wa Japani, ule wa orijino. Na kwa sababu hiyo hiyo siyo gemu niliyoicheza mimi. Contra yake inakimbia asilimia 20 zaidi ya ile ya mikono yangu. (Sehemu ni uzee pia, sikatai.)

Turudi kwenye gemu kujirudia, maana kila aliyekua enzi hizo ana kidonda hiki. Kaseti ya njano, stika ya Mario na wanajeshi wa Contra, na maandishi makubwa: 9999. Unafika nyumbani unakuta gemu kama ishirini, nyingine zote ni zile zile zimeanzia steji ya tatu, au umepewa maisha 30, au rangi imebadilishwa. Tulijiona tumeibiwa. Lakini fanya hesabu. Gemu ndogo kama Duck Hunt inachukua kilobaiti 24. Zidisha kwa 9,999 unapata zaidi ya megabaiti 230, theluthi moja ya CD nzima, ndani ya kaseti ya bei ya kilo chache za sukari, miaka ambayo kompyuta nyingi duniani zilikuwa hazina kumbukumbu ya ukubwa huo. Haikuwezekana kabisa. Walichofanya ni kuandika orodha ndefu ambapo kila mstari unaelekeza kwenye gemu ile ile na kubadilisha baiti mbili tatu kabla ya kuanza. Ni uongo wa biashara, lakini kama kazi ya programu ni ya akili sana, na ndiyo iliyotupa Contra ya kuanzia steji ya mwisho, kitu ambacho mtoto wa Marekani mwenye orijino yake hakuwa nacho.

Ndiyo maana nina ugomvi na namna dunia inavyokusanya gemu za zamani. Julai 2021, kaseti moja ya Super Mario 64 iliuzwa Marekani kwenye mnada wa Heritage Auctions kwa dola milioni 1.56. Thamani yake ilikuwa nini? Haijawahi kufunguliwa. Plastiki ya kiwandani bado imeizunguka, imepewa alama kama mtihani, imefungiwa kwenye boksi la plastiki ngumu. Kwa kipimo hicho, kilicho bora ni kile ambacho hakuna aliyekicheza. Na chochote kilichotoka kiwanda kisicho na leseni kinahesabiwa takataka. Sasa ukichukua rula hiyo ukaja nayo Simiyu, utarudi ukisema hapa hapakuwa na gemu kabisa, wakati kila mtaa ulikuwa na nyumba moja ambayo watoto wote waliijua mlango wake.

Sitetei wizi wa kazi za watu. Watunzi wa gemu hizo hawakupata senti yetu hata moja, na hilo ni kweli mpaka leo, hata kwa elfu 25 yangu. Lakini mhifadhi wa historia hafanyi kazi ya hakimu. Gemu za Nintendo zenyewe hazitapotea. Zimenakiliwa na kutunzwa na watu wengi, na programu za kuigiza Famicom kwenye kompyuta zipo za bure. Mbili kati yake, FCEUX na Mesen, zina hata kitufe cha kugeuza zile robo na nusu ili zisikike kama nakala za zamani. Kuna mtu mahali fulani aliona umuhimu wa kosa letu, nikafurahi sana. Kinachopotea ni mashine zenyewe. Ndani yake chipu imefunikwa doa jeusi la gundi ngumu, haina namba wala jina, na ikiungua hakuna fundi redio atakayeibadilisha. Na zinahitaji TV ya chogo. Ile bastola ya kupiga bata haifanyi kazi kwenye TV bapa: ukivuta kidole, kioo kinakuwa cheusi kitambo, kisha panapokaa bata panawaka mweupe, na jicho la bastola linasubiri mwanga huo kwa wakati maalum. TV ya chogo inachora mstari pale pale ishara inapofika. TV bapa inapokea picha, inaitengeneza, ndiyo inaionyesha, na bastola imeshakata tamaa.

Mwezi uliopita nilienda Maswa kwa mama mdogo. Chini ya kitanda cha chumba cha wageni kulikuwa na boksi, na ndani ya boksi mashine ya kijivu, kaseti ya njano, pedi mbili, moja waya wake umeliwa na panya. TV ya chogo ilikuwa sebuleni imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake wameweka TV bapa. Tuliishusha bapa na binamu yangu, tukapuliza kaseti kama zamani. (Kupuliza hakusaidii, mate yanaozesha shaba, kinachosaidia ni kuichomoa na kuichomeka upya. Tulipuliza hata hivyo.) Mara ya tatu ikawaka. Nikachagua Mario, namba 1 kwenye orodha ya 9999, nikaweka pedi sakafuni.

Sekunde 192. Na muziki ulikuwa ule.

Mama mdogo alisimama mlangoni mpaka Mario alipokufa, kisha akaniuliza kama nina shida na hivyo vitu, maana kuna kijana wa chuma chakavu hupita kila Jumamosi, na ameshaiulizia TV mara mbili kwa ajili ya shaba ya ndani. Nikamwomba aniachie vyote. Mashine nilirudi nayo Bariadi kwenye begi. TV konda wa Hiace aliikataa, kwa hiyo bado iko Maswa, imerudishiwa kitambaa chake.