Nani Anayenaswa?

Televisheni za Kenya ziliwahi kuonyesha kipindi cha kamera ya siri kilichoitwa Naswa, na jina hilo, ambalo ni kauli ya kutendwa ya kitenzi nasa, lilitaja kwa neno moja fani nzima ninayokusudia kuichambua. Kwani katika mizaha ya namna hii haitoshi kumjua mtegaji, ila sharti ijulikane ni nani anayenaswa, na ananaswa kwa jambo gani. Mpita njia aliyetishwa akapiga mayowe amenaswa kwa woga wake, na woga si aibu ya mtu. Ufundi mgumu zaidi ni ule wa kumnasa mtu kwa dhana mbaya aliyoihifadhi moyoni juu ya mwenziwe, akaitamka kwa hiari yake, mchana, akitabasamu.

Mfano uliovuma kuliko yote ni filamu ya Borat ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Larry Charles, ambamo Sacha Baron Cohen, Myahudi wa Uingereza, anajifanya mtangazaji aliyetoka Kazakhstan kuja kujifunza desturi za Marekani. Msingi wa hila ni kisingizio: wahojiwa waliamini kuwa wanashiriki katika filamu ya maelezo kwa ajili ya watu wa ng'ambo, wakatia sahihi hati za idhini, na kwa nguvu ya hati hizo mahakama ya New York iliyatupa, mwaka 2008, mashtaka ya mwalimu wa udereva na wenziwe waliodai kuwa wamehadaiwa. Juu ya msingi huo ikajengwa lugha. Anayosema Borat kwa jina la Kikazakhi aghalabu ni Kiebrania, na sahibu yake, Ken Davitian, humjibu kwa Kiarmenia. Almuradi msikilizaji amwone mbele yake mgeni asiyejua kitu, na mbele ya asiyejua kitu watu hawajichungi ndimi zao.

Lakini moyo wa kazi ni ngazi. Katika uwanja wa mashindano ya wapanda farasi na mafahali huko Salem, Virginia, Borat anaanza kwa kuisifu vita ya Marekani, na umati unashangilia. Anapanda daraja, anamtakia rais wao anywe damu ya watu wa Iraki, wanaume kwa wanawake na watoto, na shangwe zingalipo. Anapanda tena, akiomba nchi hiyo iteketee asisalie hata mjusi jangwani, na sasa sauti zinaanza kupungua. Kisha anauimba wimbo wa taifa lao kwa maneno ya kuitukuza Kazakhstan, na hapo ndipo wanapomzomea kwa ghadhabu. Damu waliistahimili, wimbo hawakuustahimili. Hakuna msimulizi anayetueleza hayo, wala hakuna haja, maana mchekeshaji amewapa watu kipimo na wao wenyewe wamejipima.

Filamu hiyo hiyo ina taksiri ambayo siwezi kuifumbia macho. Kijiji cha mwanzo, kinachodaiwa kuwa cha Kazakhstan, ni Glod, nchini Romania, na wakazi wake maskini wa kabila la Waroma walionyeshwa ulimwenguni kama watu duni na waovu, bila kuelewa walikuwa wakiigiza nini. Baadaye baadhi yao walikwenda mahakamani. Pale aliyenaswa hakuwa na dhana yoyote ya kufichuliwa, alikuwa na umaskini tu. Kwa hiyo naiweka juu yake Petit à petit ya mwaka 1970, kazi ya Jean Rouch, ambamo Damouré Zika wa Niger anakwenda Paris, anawasimamisha Wafaransa njiani kwa adabu, na kuwapima vichwa kama mtaalamu apimavyo washenzi. Nasi Kenya tuna haki ya kuielewa kwa undani filamu hiyo, kwani Nairobi katika miaka ya 1930 daktari F. W. Vint alikuwa akizipima bongo za maiti za Waafrika ili aonyeshe upungufu wao.

Nikirudi nyumbani, naona kuwa ucheshi wetu umeshika njia nyingine. Tangu Vioja Mahakamani, ambapo kila mshtakiwa alileta kizimbani Kiswahili chenye lafudhi ya kwao, hadi Churchill Show, iliyomwinua Jasper Muthomi, yaani MC Jessy, mwana wa Meru, lafudhi imekuwa kichekesho chenyewe. Sauti za Kimeru za Nt na Nk, zinazosikika katika majina kama Ntonyiri na Nkubu, huongezwa uzito. Mmeru hupewa hasira na shada la miraa, na Mwembu, asipochanganywa na Mkikuyu, huulizwa habari za muguka. Siikatai raha ya ucheshi huo, hasa mwenyewe anapojicheka. Walakini hadhira huketi salama, na dhana waliyoingia nayo ndiyo wanayotoka nayo.

Mtu atakaye kuugeuza mtego hahitaji vazi la ajabu. Na mwigizaji mmoja wa Igembe, huko Meru, apige simu mara mbili kuulizia nyumba ya kupanga Nairobi, kwanza kwa lafudhi ya kwao, kisha kwa Kiswahili cha watangazaji, na tusikie kama nyumba iliyokwisha kupangwa itakuwa wazi tena. Leseni ya kupiga filamu inatakiwa na Sura ya 222 ya sheria zetu, na sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inalinda sura na sauti ya mtu. Kwa hiyo jina la mwenye nyumba lifichwe. Jibu lake latosha.

Nilisafiri kwa matatu kutoka Embu kwenda Meru, na katika skrini ya mbele palikuwa na mchekeshaji akiiga Wameru, abiria wakicheka, kijana aliyeketi kando yangu akiwazidi wote. Tulipokwisha kuvuka mto Thuci simu yake ililia, ikawa ni habari ya kazi Nairobi. Akaacha kucheka, akakohoa, akanyoosha kila neno kama mtu anyooshaye nguo kabla ya kuingia ofisini, na jasho likamtoka kipajini. Alipoikata, akamgeukia mwenziwe na kuendelea kwa Kimeru, kwa sauti yake.