Neno "Kutabiri" na Hukumu Zake

Ifikapo Novemba, mkulima wa Mbalizi, mkoani Mbeya, husikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ndipo apande mahindi. Neno hilo hilo lilitumika kwa mnajimu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki 2011, pale aliposema kabla ya Uchaguzi Mkuu wa 2010 kwamba atakayempinga Rais Kikwete ndani ya CCM atakufa ghafla. Neno likiwa moja, ni rahisi mtu kuharamisha yote mawili au kuhalalisha yote mawili. Kote huko ni kukosea.

Asili ya neno ni ta'bir ya Kiarabu, yaani kufasiri ndoto, elimu aliyopewa Nabii Yusuf (a.s.). Kiswahili kimelipanua. Ni kweli Suratu Luqman (31:34) imetaja mvua katika mambo ya ghaibu. Lakini anayepima upepo na mawingu anakisia kwa sababu zinazoonekana, wala hadai ghaibu. Anayedai kujua ajali ya mtu kwa nyota, ramli au bao, huyo ndiye kahini. Katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) ameonya kuwa anayemwendea arrafu na kumuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku 40.

Basi maimamu wayatenganishe mimbarini: la mvua liitwe makisio, la nyota liitwe ukahini. Muumini asiache kupanda kwa kuogopa shirki, wala asipoteze swala zake akidhani ameuliza "utabiri" tu.

Wallahu a'lam.