Mkate wa Sikukuu na Swali la Asili

Katika mijadala juu ya utamaduni wa taifa, mkate wa ngano mara nyingi huhukumiwa kabla haujaonjwa. Husemwa kuwa ni mgeni. Na mwanafunzi aulizwapo chakula cha asili cha Upare, hutazamiwa ajibu: makande. Jibu ni sahihi, lakini hoja inayolibeba ni dhaifu. Mahindi na maharage, yaani makande yenyewe, asili yake ni bara la Amerika, nayo yalifika kwetu baada ya Wareno kuanza kupita pwani hii mwaka 1498. Ikiwa ugeni ni kosa, chungu kizima kina hatia.

Tazama sasa nyumba inayooka mkate huko Mamba, katika milima ya Same, siku ya kuamkia sikukuu. Pasipo tanuri, kinyunga kilichoumuka hutiwa katika sufuria iliyopakwa mafuta. Juu ya mfuniko hupaliwa makaa, na moto wa chini hupunguzwa, maana huo ndio unaounguza. (Mwenye haraka asipewe kazi hii.) Ngano imenunuliwa dukani, lakini tangawizi inayotwangwa imetoka shambani papo hapo, kwani Mamba Miamba inasifika kwa zao hilo.

Kwa maoni yangu, mhakiki aanzie hapo: nani anakanda, nani anafundishwa, na kwa lugha gani. Msichana anayeelekezwa na bibi yake kwa Chasu kiasi cha tangawizi anapokea urithi, hata kama unga umetoka mbali. Mtihani unaouliza tu mbegu ilitoka wapi utamnyima alama kwa jambo analolijua kuliko mwalimu wake.