Jinsi Mchanga wa Shela Unavyoinywesha Lamu
Yeyote aliyeosha madini ya kasiterite mtoni huku kwetu Mubi ameshaielewa nusu ya habari hii. Ukitikisa karai, madini mazito yanakaa chini, mchanga mwepesi unakwenda na maji. Kule Lamu, chini ya vilima vya mchanga mweupe vya Shela, yanayopimana uzito ni maji kwa maji.

Ukitoka Mombasa kwa gari unapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe. Hapo gari linabaki, unavuka kwa boti, kisha unafika Shela kwa miguu. Upepo wa kusi umesomba mchanga mkavu wa ufuoni ukaurundika vilima kwa vilima. Mgeni anaona jangwa. Lakini chimba kwa mkono kati ya vilima baada ya mvua: juu mchanga unaunguza, ukifika kina cha kiwiko una ubaridi na unashikana.

Mvua ikinyesha pale haitiririki, inazama papo hapo, na mimea ya kuinywa ni michache. Chini inayakuta maji ya bahari yaliyopenya kutoka pembeni. Hayo ni mazito zaidi kwa asilimia 2.5 hivi, basi maji ya mvua, ambayo Lamu huyanywa, yanaelea juu yake. Kwa hesabu ya wataalamu, maji matamu yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo yanashuka mita 40 hivi. Hesabu hiyo hiyo ndiyo hatari yake: pampu ikiyashusha sentimita 10 tu, chumvi, ikipewa muda, hupanda mita 4. Ndiyo maana visima vya mchangani hufaa viwe vifupi, vitawanywe, vivutwe kidogo kidogo.

Amsterdam ilianza kunywa maji ya vilima vyake vya mchanga mwaka 1853, ikavuta kupita kiasi, chumvi ikapanda. Tangu 1957 inavirudishia vilima hivyo maji ya mto Rhine. Lamu haina Rhine. Ina mvua na vilima tu, na mimi vyoo vinanitia hofu kuliko pampu, kwa kuwa mchanga unaopitisha mvua upesi hupitisha uchafu upesi vilevile. Mji Mkongwe wa Lamu uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Vilima vinavyounywesha vinastahili ulinzi mkali zaidi ya ule wa milango yake ya nakshi, na uanze kwa kupiga marufuku shimo lolote la choo karibu na visima.