Kinachopinda ubavu wa gitaa ni moto

Ubavu wa gitaa la mbao ni ubao mwembamba, unene wake milimita 2 hivi, nao hupita kwenye mikunjo mitatu: bega, kiuno na tako. Kiunoni mkunjo unageuka na kuelekea ndani, na hapo ndipo mbao nyingi huvunjika. Njia ya kale ya karakana za Hispania ni kuubembeleza ubao kwa mikono juu ya bomba la chuma lililotiwa moto. Kabla ya hapo wengi huuloweka, wengine usiku kucha, wakiamini kwamba maji ndiyo yanayoulainisha mti. Kwa maoni yangu imani hiyo imempa msaidizi cheo cha fundi mkuu, na matokeo yake ni mbavu nyingi zinazopasuka bure.

Tuanze na mti wenyewe. Nguvu yake imo kwenye nyuzi za selulosi, na nyuzi hizo zimeshikamanishwa na lignini, mfano wa kamba ya makumbi iliyomwagiwa lami. Lami ikiwa baridi, kamba haikunjiki. Ikipashwa moto, nyuzi zinateleza na kukaa upya, na ikipoa umbo jipya limeshikwa. Maji yana sehemu yake, tena muhimu: lignini yenye unyevu huanza kulegea karibu na nyuzi joto 100, ilhali iliyo kavu hudai joto kubwa zaidi. Ila msaada huo una kikomo. Kuta za seli za mti hushiba unyevu unapofika asilimia 25 hadi 30 ya uzito wa mti mkavu. Maji yanayozidi hapo hukaa kwenye uwazi wa seli, hayalainishi chochote, na moto unapaswa kuyachemsha kwanza kabla ya kuufikia mti. Ubao uliolowa kupita kiasi hujikunja upana wake kama jani la mgomba juani, na rangi yake huingia madoa. Kwa unene wa milimita 2, kunyunyizia maji na kuweka karatasi yenye unyevu juu yake kunatosha.

Atakayepinga atamtaja fundi wa samani Michael Thonet na kiti chake namba 14 cha mwaka 1859, kilichopindwa kwa mvuke. Hoja hiyo ni nzito, lakini mti wa Thonet ulikuwa fito nene, na mvuke ulikuwa njia ya kulifikisha joto hadi kiini bila kuunguza uso. Ubavu wa gitaa hauna kiini cha mbali namna hiyo. Tena somo kubwa la Thonet liko kwenye ukanda wa chuma aliofunga upande wa nje wa mkunjo. Piga hesabu: gawa nusu ya unene kwa nusu kipenyo cha mkunjo. Ubao wa milimita 2 kwenye kiuno chenye nusu kipenyo cha milimita 80 huvutika upande wa nje kwa asilimia 1.25. Hata mti uliolainishwa huvumilia kuvutwa kwa asilimia 1 au 2 tu, lakini hukubali kubanwa mara nyingi zaidi ya hapo. Ukanda wa chuma huzuia upande wa nje usirefuke, kwa hiyo mti wote unalazimika kubanwa. Mashine inayoitwa kwa jina la fundi wa Marekani, Charles Fox, inafuata wazo linalokaribia hilo: ubavu hulazwa kati ya mabati membamba na kupashwa hadi nyuzi joto 150 hivi. Kwa joto hilo maji yameshaanza kuondoka kabla kazi haijaisha, na ubavu huachwa kwenye kalibu ukauke na kupoa ili usirudi nyuma.

Mpingo wa Tanzania, ambao baadhi ya mafundi hutengenezea migongo na mbavu za gitaa, unaipima hoja hii vizuri kuliko mti mwingine. Ni mzito hata unazama, umejaa mafuta, na maji huingia ndani yake kwa shida. Ukiuloweka usiku kucha hunywa kidogo sana. Hata hivyo juu ya bomba la moto, ukiwa umechongwa mwembamba sawasawa, huinama.