Majani Yanayopukutika

Hapa Bukavu mtu wa maabara tunamwita laborantini, na wengi tunamjua kwa kuchoma kidole na kutafuta malaria. Mimi namsifu, pamoja na daktari wa patolojia anayesubiri slaidi zake, kwa kazi nyingine: kusoma namna seli ilivyokufa.

Seli iliyonyimwa damu huvimba, ikapasuka, ikawamwagia jirani yaliyomo tumboni mwake. Nyingine hujifia kwa mpango iliozaliwa nao. Hunywea, kiini chake hukazana kikawa cheusi tii, kisha hugawanyika vijipande vilivyofungwa vizuri, ambavyo seli walaji ziitwazo makrofaji huvimeza pasipo fujo. Mwaka 1972 Kerr, Wyllie na Currie walikiita kifo hicho apoptosisi, neno la Kigiriki la majani yanayopukutika.

Jicho hutegemea mkono. Nyama hulazwa katika formalini (ukichelewa, inaoza na ushahidi umekwenda), hugandishwa ndani ya nta, hukatwa unene wa mikroni 4 hivi, ndipo inapakwa hematoksilini, rangi ya moyo wa mti wa Amerika ya Kati, na eosini ya waridi. Ziko mbinu za bei ghali. TUNEL hutia alama kwenye ncha za DNA iliyokatika, lakini hata seli iliyopasuka huweza kuidanganya. Basi watu hurudia rangi zile mbili za kizee.

Mfano ninaoupenda ni wa jirani zetu wa Kampala. Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya za watoto. Kwenye hadubini seli zake zimesongamana, buluu iliyokolea, na kati yake mna madoa meupe: anga la nyota. Kila nyota ni makrofaji iliyoshiba maiti za apoptosisi. Saratani inayokua mbio kuliko karibu zote, nayo inapukutika hivyo!

Mwaka 1961 Burkitt alifunga safari ndefu kwa gari, hospitali hadi hospitali, akaona kwamba karibu na ikweta uvimbe huo huadimika ukipita mita 1,500 hivi. Ndicho kimo cha Bukavu. Lakini barabara ya Uvira inateremka, na mtoto wa bonde la Ruzizi anaweza kupandishwa huku taya limevimba. Laborantini atakata, atapaka rangi, atafuta kioo kwa kitambaa. Daktari atainamia lenzi, atafute madoa meupe, na ndani yake vile vijipande vyeusi.