Tambi Nyeusi za Incheon: Mtoto wa Masanze Nimeonja, Nimeduwaa

Jamani, jamani! Nimekula kitu cheusi kama oili chafu ya pikipiki, nikakimaliza, nikafuta bakuli kwa kipande cha figili, na sina aibu yoyote.

Mimi ni wa Masanze, Tanzania, njia ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Kwetu tambi nilizijua kwa sura moja tu: zile za mwezi wa Ramadhani, za nazi, sukari na iliki. Jirani alikuwa akituletea kwenye sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, ingawa sisi ni Wakristo. Kichwani mwangu tambi zilikuwa tamu, za jioni, basi. Sasa nimekuja Korea Kusini kwa mafunzo, mwenyeji wangu ananiambia Jumamosi twende Incheon tukale tambi, na mimi moyoni naisubiri iliki. Iliyokuja mezani ni lami!

Lakini nianzie njiani. Treni ya mjini ya Laini ya 1 inayoelekea Incheon, ukiipanda Seoul ukatulia nayo hadi mwisho, inakushusha Kituo cha Incheon. Ukitoka nje, ng'ambo ya barabara kuna lango kubwa la Kichina, na nyuma yake mtaa unapanda kilima ukiwa umejaa migahawa. Sisi tuliingia kichochoroni, kwenye kigahawa cha meza sita ambacho jina lake sikuweza kulisoma. Maji unajichotea mwenyewe. Jikoni karai linagongwa, moto unanguruma, vitunguu vinalia kwenye mafuta.

Mwenyeji wangu akapaza sauti: "Imo!" Nikadhani ndilo jina la mama yule. Kumbe imo ni dada wa mama. Mama mdogo! Nilicheka peke yangu. Mtu hamjuani, hamna undugu, lakini njaa imewafanya ndugu, kama tunavyomwita mama lishe wa stendi "mama" huku jicho likiomba aongeze mchuzi.

Haya, bakuli hilo hapo. Chini kuna tambi nene za ngano, nyeupe, zinavutika. Juu kumemwagwa mchuzi mweusi unaong'aa, na ndani yake vitunguu, kabichi na vipande vya nyama ya nguruwe. Chakula hiki kinaitwa jajangmyeon. Kanuni ya kwanza: usionje kabla ya kuchanganya! Unashika vijiti kwa mikono miwili, unakoroga kutoka chini kwenda juu, haraka, kabla tambi hazijashikana, mpaka kusibaki weupe hata chembe. Halafu unainama na kuvuta.

Nisikieni. Chumvi inatangulia, utamu unafuata taratibu, na nyuma yao inakuja harufu ya kuungua kidogo, kama ukoko wa wali wa kuni. Vitunguu vimekaangwa hadi vimekuwa sukari; nilivikumbuka vitunguu vya Malolo, kule kwetu. Siri ni chunjang, uji mzito wa maharage ya soya yaliyochachushwa, unaokaangwa kwanza kwenye mafuta ili uchungu uondoke, kisha mchuzi unafungwa kwa wanga ili ung'ang'anie tambi. Pembeni unapewa figili ya njano iliyolowekwa kwenye siki, na vitunguu vibichi vya kuchovya kwenye chunjang. Ndiyo kachumbari yao. Ikiisha unaongezwa bure.

Sasa sikiliza kilichonimaliza kabisa. Chakula hiki si cha Wachina wa China, na Wakorea wenyewe wanakiita cha Kichina! Bandari ya Incheon ilifunguliwa kwa biashara ya nje mwaka 1883. Ng'ambo ya Bahari ya Njano kuna jimbo la Shandong, na huko walitoka wafanyabiashara na vibarua waliokuja na tambi zao za mchuzi wa soya. Mtu wa Kilosa hahitaji kufundishwa habari hii. Hao ni manamba! Ni kama wale waliotoka mikoa ya mbali kuja kukata mkonge Kimamba, kila mmoja na mapishi ya kwao. Mgahawa mkongwe wa Gonghwachun ulichukua jina hilo mwaka 1912, ilipozaliwa Jamhuri ya China. Leo jengo lake ni makumbusho ya jajangmyeon, yaliyofunguliwa mwaka 2012. Baadaye chunjang ikatiwa sukari iliyounguzwa, ikawa nyeusi na tamu kwa ulimi wa Kikorea. Baada ya Vita vya Korea vya 1950–1953, ngano ya msaada wa Marekani ikajaa nchini, na bakuli la kibarua likawa bakuli la kila mtu. Watoto walilishwa jajangmyeon siku ya kumaliza shule. Anayehamia nyumba mpya anaagiza hii, maana vyombo bado viko kwenye maboksi. Hata wasio na wapenzi wana siku yao ya kuila, tarehe 14 Aprili, wakijiliwaza kwa weusi wake.

Na kuagiza kwenyewe! Zamani kijana alikuja na pikipiki na sanduku la bati, anakuachia bakuli la kweli, unakula, unaliweka nje ya mlango, anarudi kulichukua. Masanze bakuli hilo mbuzi wangelipitia kabla yake.

Bado kuna jjamppong, ndugu yake mwekundu: tambi zilezile kwenye supu ya kome, ngisi na pilipili inayofungua pua zote mbili. Unashindwa kuchagua? Hata wao wanashindwa, ndiyo maana kuna bakuli lenye ukuta katikati, nusu nyeusi, nusu nyekundu. Mtu aliyebuni bakuli hilo apewe nishani! Tukaongeza tangsuyuk, nguruwe wa kukaanga na mchuzi wa sukari na siki. Hapo meza ikagawanyika: mwenyeji wangu humwaga mchuzi juu, mimi nachovya, nyama isipoteze ukakamavu wake.

Bei? Bakuli langu la jajangmyeon lilikuwa won 7,000 hivi, kama shilingi elfu kumi na mbili za kwetu wakati huo. Ni sahani kadhaa za wali maharage, najua, lakini kwa Korea hicho ni chakula cha bei nafuu. Ndugu zangu Waislamu, hapa mwe waangalifu: hata bakuli lisilo na vipande vya nguruwe linaweza kuwa limekaangwa kwa mafuta yake, kwa hiyo ulizeni kwanza au tafuteni mgahawa wa halali.

Hukumu yangu ni tisa kwa kumi. Hiyo moja nimeikata kwa sababu ya shati langu jeupe, ambalo sasa lina madoa kifuani ambayo sabuni imekataa kuyagusa. Ukifika Incheon, shuka kituo cha mwisho, vuka barabara, ita mama mdogo, agiza bakuli lenye ukuta. Na vaa nguo nyeusi.